Magugu yanarudi kila mvua? Tafuta dalili yako hapa kabla hujashika jembe

Mi kazi yangu ni bustani za majumbani hapa Dar, Mbezi, Goba, Tegeta mpaka Kigamboni huko, na malalamiko ninayopigiwa simu ni yaleyale kila mwaka, vuli ikianza tu Oktoba simu inalia, masika ikishika Machi inalia zaidi. Na wengi wanaonipigia siyo wavivu, ni watu wamepalilia, wamenunua dawa, wameweka kijana wa kuja kila wiki, na bado bustani inawashinda. Shida ya bustani ambayo imeshakaa miaka mitatu minne ni kwamba huwezi kulima yote ukaanza upya, una bogenvilia yako, una michungwa, una nyasi umezigharamia, kwa hiyo kila dawa na kila jembe linaloenda kwa gugu linapita jirani na kitu unachokipenda.

Sasa kabla hujasoma dalili yoyote hapa chini, nenda kang'oe gugu moja, moja tu, lakini na mzizi wake wote, chimba kama unatoa muhogo. Liangalie. Kama mzizi ni kamoja kembamba kanatoka bila kazi, hilo ni la mbegu (kishona nguo, mchicha pori, mziwaziwa). Kama lina vikamba vinatambaa na kila pingili ina mizizi, hilo ni la kutambaa, ukoka au kongwe. Kama chini kuna kikokwa cheusi, pole, hiyo ni ndago. Haya makundi matatu dawa yake siyo moja, na karibu kila bustani niliyoitwa kuokoa, mwenyewe alikuwa anatumia njia ya kundi moja kwa gugu la kundi lingine.

"Nimepalilia juzi tu, yamerudi, tena mengi kuliko mwanzo"

Sababu inayoongoza, na kwa mbali, ni ndago. Cheki rahisi, chukua shina uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada, ukihisi kona tatu siyo mviringo, ni ndago, majani yamesimama yanang'aa yamechongoka. Mwaka juzi nilichimba sehemu moja Goba, ukubwa wa mdomo wa ndoo ya lita ishirini tu, chini kama urefu wa kiganja, nikatoa vikokwa 43. Vimeunganishwa na nyuzi nyembamba ngumu kama waya, kimoja kinamshika mwenzake, ukivuta jani juu ile nyuzi inakatika na kikokwa kinabaki palepale, na kikokwa kilichokuwa kimelala kwa sababu mwenzake wa juu alikuwa hai sasa kinaamka. Ndo maana unang'oa kimoja vinakuja vitatu, huoni vibaya, ni kweli vinaongezeka.

Kwa ndago jembe la kugeuza udongo ni adui yako, linakata nyuzi na kutawanya vikokwa bustani nzima. Tumia uma wa shamba, inua udongo, pepeta kwa mkono, vikokwa weka kwenye ndoo usiviache pembeni, na usivitupe kwenye mboji. Vingi sana vinakaa sentimita 20 za juu kwa hiyo huna haja ya kuchimba kaburi. Kama eneo ni kubwa huwezi kupepeta lote basi njia ni kuichosha, kata kila wiki mbili au tatu bila kuruka, kwa sababu jani jipya linakula akiba ya kikokwa na ukiliacha likafikisha mwezi na kitu linaanza kutengeneza vikokwa vipya, hapo umerudi sifuri. Ndago haipendi kivuli, maua yanayofunika ardhi yakishashika yanaisaidia sana hiyo kazi. Nailoni nyeusi peke yake usitegemee, ile ncha yake inatoboa nailoni, nimeiona kwa macho yangu ikatoka upande wa pili imesimama kama sindano.

Kuna dawa za kuua ndago na kuacha nyasi, kiambato kinaitwa halosulfuroni-methili, ukiipata hakikisha imesajiliwa nchini, jaribu kwanza kipande kidogo pembeni ambapo hata ikiharibika hutalia, na jua mzunguko mmoja hautoshi.

Sababu ya pili ni mbegu ulizoamsha mwenyewe. Udongo wa bustani ya zamani umejaa mbegu zimelala miaka, nyingi zinasubiri mwanga tu, ukichimba kwa kina unazileta juu kwenye jua na mvua. Utajua kwa kuangalia, vichipukizi vidogo vidogo vya majani mawili vimetapakaa kama zulia. Hivi vinaisha kirahisi ukiviwahi, kwangua juu juu kwa jembe, sentimita mbili zinatosha, asubuhi ya siku ya jua, mchana vimeshakauka, alafu tandaza matandazo (nyasi kavu zisizo na mbegu, majani, maganda ya mbao) unene wa sentimita 5 mpaka 8. Acha nafasi kuzunguka shina la mti, usilifukie, litaoza.

Ya tatu watu hawaifikirii kabisa, magugu uliyong'oa na kuyaacha hapohapo. Gugu linaloitwa tako la hawa lina maji mengi mwilini, likilala kwenye udongo mbichi linashika mizizi upya, na kama lilikuwa na maua linakomaza mbegu likiwa limeshang'olewa. Kongwe, lile la maua ya bluu ambalo sungura wanalipenda, kila pingili iliyokatika ni mche, na linatengeneza mbegu nyingine chini ya udongo ambako huzioni. Hayo mawili yakusanye yote, yatoe nje, au yaanike juu ya saruji mpaka yawe makavu ya kuvunjika.

Acha na umwite mtu pale ndago ikishachukua zaidi ya nusu ya uwanja wa nyasi, au ukikuta inatokea pembeni ya msingi, kwenye mabomba ya maji au nyaya za umeme zilizofukiwa. Usichimbe kwa kubahatisha hapo.

"Nimepiga dawa lakini hayafi, au yanakauka juu alafu yanachipua"

Swali langu la kwanza huwa ni moja, ulipiga lini. Wengi wananiambia juzi. Glaifoseti, ambayo ndo dawa inayouzwa sana madukani, haiunguzi, inashuka taratibu mpaka kwenye mizizi, siku 7 mpaka 14 ndo unaona njano ya kweli, na hali ya ubaridi ya Juni Julai inachelewa zaidi. Mtu siku ya tatu anaona kijani, anarudia, anaongeza dozi, hela inaondoka na udongo unabeba mzigo. Na kuna wanaofyeka siku ya tatu ili "kusaidia dawa", sasa umekata barabara ambayo dawa ilikuwa inapitia kwenda mzizini.

Kama wiki mbili zimepita kweli na bado, angalia haya kwa mpangilio huu.

Mvua au maji. Dawa inahitaji masaa kama sita juu ya jani bila kuoshwa, masika unapiga saa nne asubuhi saa sita imenyesha, imekwenda na mtaro. Pia kama kijana anamwagilia jioni mwambie siku hiyo asimwagilie.

Gugu lenye kiu. Hili ni kosa la Januari na Februari, magugu yamejikunja, yana vumbi, yamefunga kazi, hayanywi maji na dawa hayanywi. Ngoja mvua, au mwagilia siku mbili tatu kabla, gugu likichangamka na kuwa na majani mengi ndo unalipiga.

Maji ya kuchanganyia, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu Dar hii ishu imetumaliza wengi. Visima vyetu vingi vya kuchimba vina maji ya chumvichumvi na magumu, na glaifoseti ikikutana na kalsiamu inashikwa humohumo kwenye pampu, haifiki kwenye jani ikiwa na nguvu. Matope nayo ni hivohivo, ikigusa udongo inajifunga, maji ya dimbwi yenye tope yanaua dawa kabla dawa haijaua gugu. Cheki yake haina gharama, weka maji kwenye chupa, kata kipande cha sabuni ya mche, tikisa, kama povu halitoki linakuja utando mweupe mweupe unaelea, usichanganyie hayo. Tumia ya mvua uliyokinga. Kuna bustani moja nilibadilisha maji tu, dawa ileile, dozi ileile, pampu ileile ya lita 16, na gugu lililokuwa limemsumbua mama mwenye nyumba misimu miwili likalala.

Gugu lenyewe. Kongwe linavumilia glaifoseti, linanyauka kidogo linarudi, ukiendelea kupiga unaua washindani wake tu na mwisho unabaki na bustani ya kongwe. Hilo ni la mkono.

Mwisho, dawa feki au iliyokwisha muda. Tazama sili, tarehe, jina la kiambato, namba ya usajili. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usinunue hata kama ni nusu bei, hujui ni nini, na mtoto akiiona kwenye friji au dirishani anajua ni maji.

Hapa onyo na nalisema kwa uchungu. Ukipewa kitu kinaitwa parakwati, "hii inaunguza leoleo", kirudishe. Funda moja linaweza kuua mtu na hakuna dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini. Bustani ya nyumbani yenye watoto haina kazi na hiyo. Kwenye lebo kuna ukanda wa rangi chini, mwekundu ni sumu kali sana, hiyo siyo ya kwako kupiga mwenyewe. Na mtu yeyote akianza kutapika, kichwa, macho kuwasha sana baada ya kupuliza, vua nguo, osha kwa maji mengi, nenda hospitali na chupa yenye lebo mkononi, usimpe maziwa ukasubiri kesho.

"Magugu yamekufa lakini maua yangu yamejikunja"

Hili lilinikuta mwenyewe. Niliazima pampu, nikaisuuza mara moja, nikapiga mbolea ya majani kwenye bogenvilia na mipapai miwili. Siku ya nne majani machanga ya mpapai yamejisokota kama kamba, membamba, vikonyo vimepinda kwenda chini. Pampu ilikuwa imebeba tu-foo-di, ile dawa ya magugu ya majani mapana ya mashamba ya mahindi, na masalia kidogo tu yalitosha.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni pampu moja kwa kazi zote. Nunua mbili, ya magugu izungushie utepe mwekundu na isije ikaguswa kwa kingine chochote mpaka ife.

Ya pili ni upepo. Hapa pwani upepo wa baharini unaamka kadiri jua linavyopanda, ukipiga saa tano matone yanakwenda kwa jirani. Piga mapema, saa moja mpaka saa tatu, umande ukishakauka na majani ya mnazi yametulia. Shusha nozo karibu na gugu, weka kinga, hata ndoo iliyotolewa kitako inatosha, unalifunika gugu unapulizia ndani. Ya tatu, mchana wa joto kali dawa nyingine zinageuka mvuke zinasafiri zenyewe.

Kutofautisha: kama imesokota machanga na vikonyo kupinda ni tu-foo-di na jamaa zake. Kama majani mapya yanatoka madogo madogo yamejazana kama ufagio na rangi ya njano, ni glaifoseti. Ila kwanza geuza jani uangalie chini, wadudu mafuta nao wanakunja majani, usije ukalia bure.

Ukigundua ndani ya saa moja, osha mmea kwa maji mengi. Ukigundua baada ya siku nne kama mimi, mwagilia, usikate haraka, usitie mbolea ya chumvichumvi, subiri miezi miwili mitatu uone chipukizi mpya. Bogenvilia yangu ilirudi. Mipapai sikula matunda yake msimu ule, na mmoja nilikuja kuukata. Kama dawa imeingia kisimani, kwenye bwawa la samaki, au imeharibu mboga za jirani, simama hapohapo, mwambie jirani ukweli siku hiyohiyo wasichume wakala, na mwite afisa kilimo wa kata.

"Nyasi zangu zinazidiwa"

Nyasi zilizoshiba zinakaba magugu zenyewe, kwa hiyo hapa usiulize gugu limetoka wapi, uliza nyasi zimekosa nini. Kwanza kabisa ni kunyolewa sana. Watu wanapenda ya chini kama kapeti, sasa nyasi za Pemba zile za majani mapana ukizinyoa mpaka udongo unaonekana, umefungua dirisha kwa kila mbegu. Acha sentimita 5 mpaka 7, na usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Pili kivuli, mwembe umekua, nyasi chini zimekonda, hapo kubali, ondoa nyasi weka mimea ya kivuli au kokoto. Tatu udongo umekanyagwa umekuwa saruji, choma bisibisi ndefu ardhini baada ya kumwagilia, ikigoma kuingia, toboa toboa kwa uma, mwaga mboji iliyochekechwa. Nne maji kidogo kila siku, yanalisha magugu ya mizizi mifupi, bora mara mbili kwa wiki lakini yashuke.

Mbigili ukiiona kwenye nyasi isisubiri Jumamosi. Watoto wanatembea peku. Ing'oe ikiwa na vile viua vya njano kabla miba haijakauka.

"Kwenye pevingi yanatoka kila siku"

Karibu zote ni mbegu zilizoangukia vumbi la juu katikati ya bloku, hazitoki chini. Fagia kwa nguvu mara moja kwa wiki, kwangua kwa kisu cha zamani, jaza mchanga mkavu mpya kwenye nafasi. Vichipukizi vidogo maji ya moto yanayochemka yanaviua, beba kwa uangalifu na watoto wawe ndani. Vikubwa vitarudi, rudia. Wapo wanaomwaga chumvi, wengine oili chafu ya gari, wengine dizeli, jamani acheni, mvua ya kwanza inabeba yote mpaka kwenye mizizi ya miti yenu na kisima cha jirani, na udongo uliolowa chumvi haurudi haraka. Kama bloku zimeinuka au zimezama, hiyo siyo kazi ya magugu tena, kuna mzizi wa mti au bomba linavuja, mwite fundi.

"Kuna gugu sijawahi kuliona hapa"

Jiulize umeleta nini miezi mitatu iliyopita. Mara nyingi ni samadi mbichi, ng'ombe anakula mbegu na nyingi zinatoka nzima. Samadi ilundike mpaka iive, choma nondo katikati ya lundo usiku, asubuhi ichomoe, kama ni ya moto huwezi kuishika lundo linafanya kazi na mbegu nyingi zinakufa, kama ni vuguvugu geuza ulowanishe. Inafuata miche ya dukani, viriba vingi vina ndago ndani kimyakimya. Alafu udongo wa lori. Mi siku hizi kabla sijamwaga udongo wowote najaza chungu kimoja, namwagilia, nangoja wiki mbili nione kinachoota. Kipande kikiwa kimeshachafuka mbegu na hakina mimea, Januari na Februari lowanisha, funika nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga, fukia kingo, wiki 4 mpaka 6, mbegu zinapikwa. Ndago itapungua tu, haitaisha.

Lakini kama gugu geni majani yake yamechanika chanika kama ya karoti, shina lina mistari, na viua vyeupe vidogo vingi juu, simama. Huenda ni gugu karoti. Asili yake Amerika ya kitropiki, Arusha lilionekana mwaka 2010, Kenya na Ethiopia linawasumbua, mmea mmoja unatoa mbegu kwa maelfu, na unasafiri kwa matairi, mchanga na maua ya kununua. Linawasha ngozi vibaya, mwenye pumu linamwamshia, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Usiling'oe kwa mikono mitupu, usimpe mbuzi, usilifyeke likiwa na maua. Piga picha ya jani, shina na ua, mpelekee afisa ugani au ofisi ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Yakiwa mawili matatu na bado hayajatoa maua, vaa glavu, maski na mikono mirefu, ng'oa udongo ukiwa na unyevu ili mzizi utoke wote, tia kwenye mfuko mgumu uufunge. Yakiwa mengi au yameshatoa maua waachie wao. Nguo ulizovaa zifue peke yake, na viatu vikung'ute hapohapo ulipong'olea, siyo mlangoni.